Huduma kwa wateja: kumbe inawezekana jamani!

Najua nimepotea kama mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa na kazi, mtaisikia hapo chini. Leo siandiki juu ya bumu kuchelewa, wala foleni ya kafeteria, wala maji ya hosteli. Hayo mnayajua na mimi nimeshachoka kuyalalamikia. Leo nataka kusifia.

Sisi watu wa chuo ni wepesi sana wa kulalama. Mtu akihudumiwa vibaya dukani anatangaza holi nzima, mpaka walinzi getini wanajua. Akihudumiwa vizuri anakaa kimya, anaona ni zari tu. Mimi naona kimya hicho nacho kina hasara yake. Tusipoambiana huduma nzuri inafananaje, siku ya kudai tutadai nini? Mtu hawezi kudai kitu ambacho hajawahi kukiona.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Huduma nzuri kwa mteja si tabasamu, wala si kuitwa "mpendwa mteja" kwenye meseji. Huduma nzuri ni kumwamini mteja anaposema kitu kimeharibika, na kumpa maarifa ya kitu alichokinunua. Na kampuni za vyombo vya sauti ambazo bidhaa zao zimejaa huku kwetu wakati ofisi hazina huku, naziambia hivi: kama hamna ofisi, tupeni mchoro na vipuri. Mafundi tunao, tena wengi tu.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niseme hivyo.

Wengi wenu mnajua kwamba najikimu kwa kunakili mahojiano. Mtafiti anarudi kutoka vijijini na sauti kwenye kirekodi, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti inanila saa tano mpaka sita za kukaa kwenye kiti, halafu malipo ni kwa saa ya sauti, si kwa saa ya kiti. Safari hii nilichukua mahojiano 22 ya wazee wa Rufiji wakieleza mafuriko ya Aprili 2024, jinsi maji yalivyoingia mashambani na majumbani. Wazee wanaongea taratibu. Upepo unapiga, jogoo anawika, mjukuu analia pembeni. Bila hedifoni za kufunika masikio yote mawili unaambulia patupu. Bibi anasema "tulihama", wewe unaandika "tulilima". Hapo umeshampotosha mtafiti na umemkosea adabu bibi wa watu aliyekaa chini akasimulia shida zake.

Na pesa ya kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari. Ilikuwa inakwenda kumalizia ada, na mnajua utaratibu ulivyo: ada haijatimia, chumba cha mtihani unakiona kwa nje.

Basi bwana, Jumanne moja usiku upande wa kushoto wa hedifoni ukaanza kukata. Unakuja, unaondoka, unakuja. Jumatano ukawa unakuja kwa kubembelezwa. Alhamisi ukazima kabisa. Nimebakiwa na mahojiano 13 na siku tisa za kuyamaliza. Nikajaribu za kuazima kwa mwenzangu wa chumbani, zile ndogo za kuchomeka sikioni, na baada ya saa moja nikawa sijui kama nasikia bibi au nasikia feni.

Hedifoni zenyewe zililetwa na binamu yangu aliyekuwa masomoni Ujerumani. Zilikuwa mpya kwenye boksi, na risiti aliniachia. Kwa hiyo hapa Dar sina duka la kwenda kulia. Nikatafuta anwani ya kampuni, nikaandika barua pepe Alhamisi usiku: tatizo ni hili, risiti hii hapa, niko Dar es Salaam, nina kazi ya siku tisa. Nikatuma, nikalala.

Ijumaa mchana nikakuta jibu. Si lile jibu la mashine linalosema "tumepokea ujumbe wako, wewe ni muhimu kwetu". Ni jibu la mtu, dada mmoja wa kitengo cha ufundi, lenye maswali matatu. Ukichomeka hedifoni kwenye simu nyingine, hali ni ileile? Ukiushika waya pale unapokutana na jeki ukaukunja taratibu, sauti inarudi hata kidogo? Na ukiukunja kwa juu, pale unapoingia kwenye sikio la hedifoni, kuna mabadiliko?

Nikajaribu, nikajibu: ndiyo, ileile, ndiyo, inarudi, hapana, hakuna. Baada ya saa mbili akajibu tena, yuleyule dada. Nawapa kwa ufupi aliyoyaandika, kwa maneno yangu.

Alisema kilichokufa ni waya, si spika ya ndani. Nyuzi za shaba zimekatikia pale waya unapoingia kwenye jeki, kwa sababu ndipo panapokunjwa kuliko pengine pote. Akasema waranti ilikuwa ya miaka miwili na imekwisha miezi miwili iliyopita, kwa hiyo hawezi kuliandika suala langu kama la waranti, na hataki kunipa matumaini ya uongo. Akasema nisizirudishe hedifoni kiwandani, maana gharama ya kuzisafirisha kutoka Dar itakaribia bei yake. Akasema waya mpya atanitumia bure, ila utachukua wiki kadhaa. Halafu likaja neno lililonifanya niinuke kwenye kiti: kwa kuwa umesema una kazi ya siku tisa, nakuambatishia mchoro, mpelekee fundi yeyote wa redio akate kipande kibovu na kufunga jeki mpya.

Mchoro ulikuwa wa ukurasa mmoja. Uzi mwekundu ni sikio la kulia, wa kijani ni la kushoto, wa rangi ya shaba ni wa pamoja. Kwenye jeki, ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni la pamoja. Na chini kulikuwa na onyo: kila uzi umepakwa rangi inayozuia umeme, kwa hiyo ni lazima ikwanguliwe au iunguzwe kwanza, la sivyo risasi haitashika.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi mmoja pale Mwenge, ana kijimeza na pasi yake ya kuchomea risasi. Nikampa simu asome mchoro. Akausoma, akafika kwenye lile onyo la kuunguza rangi, akacheka. "Huyu aliyeandika hapa ni fundi mwenzangu huyu." Jeki mpya sh. 3,000, ufundi sh. 5,000, dakika kama ishirini. Saa tano asubuhi nilikuwa nimerudi hosteli na masikio yangu yote mawili, na bibi wa Rufiji anasikika mpaka anavyovuta pumzi.

Mahojiano 13 yakaisha siku ya nane. Ada imelipwa. Na waya wa bure? Umekuja, jamani. Ulifika siku ya 27, nikauchukua posta kwenye kibahasha chenye sponji. Nimeuweka kwenye droo kama akiba, maana kazi ya fundi wa Mwenge bado inadunda.

Msiniulize jina la kampuni kwenye maoni. Silitaji, kwa sababu simfanyii mtu tangazo, na nataka tuongelee tabia, si nembo. Tukianza na nembo tutaishia kwenye ule ubishi wa nani ana besi nzito, na huo hauna mwisho.

Hebu tuangalie yule dada alifanya nini hasa. Kwanza aliniamini. Hakuniuliza kama nimeziangusha, wala kama nimezimwagia chai. Maswali yake yote matatu yalikuwa ya kutafuta ugonjwa, hakuna hata moja la kutafuta mchawi. Kuna tofauti kubwa hapo. Mkiwa mmewahi kurudisha kitu dukani mnajua lile swali la kwanza linalokupokea: "Umekifanyaje?" Yaani kabla hujaeleza, wewe ni mshtakiwa.

Pili alisema ukweli, hata ule usionifurahisha. Waranti imekwisha, basi imekwisha. Wengi wanadhani huduma nzuri ni kumwambia mteja anachotaka kusikia. "Njoo kesho." "Kipuri kiko njiani." "Bosi akirudi." Mimi bora niambiwe hapana ya leo kuliko ndiyo ya kesho isiyofika, kwa sababu hapana ya leo naweza kuipangia.

Tatu, alikuwa na uwezo wa kuamua. Hakusema "ngoja niwasiliane na idara husika". Alikuwa na mchoro mkononi, alikuwa na ruhusa ya kutoa waya, na alibaki na suala langu mwanzo mpaka mwisho. Sikueleza habari yangu mara nne kwa watu wanne. Siku hizi ambapo makampuni mengi yanatuwekea roboti za kuongea nasi, hili naliona la thamani zaidi. Roboti inaweza kuwa na adabu kuliko sisi sote, lakini kama haina ruhusa ya kutoa hata skrubu moja, ni kama umeweka kasuku mapokezi.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, alimwamini fundi. Alijua hajawahi kumwona, hajui cheti chake, na bado akasema "fundi yeyote wa redio". Kampuni nyingi zinataka bidhaa ifunguliwe na watu wao peke yao. Sasa mtu wa Dar, au wa Kigoma, au wa Bukavu, afanyeje? Watu wao hawako. Ukisema "peleka kituo kilichoidhinishwa", na kituo hicho kiko bara jingine, umesema kwa adabu kwamba nikitupe.

Mshkaji wangu mmoja anayesoma biashara nilipomsimulia akanicheka. Akasema: "Wewe umenunuliwa kwa waya. Kiwandani unawagharimu kitu kidogo sana, na sasa unawasifia bure. Hesabu yao imetiki." Nimelitafakari hilo, na nakubali kwamba ni hesabu. Kampuni si sadaka. Lakini tazameni kilichoniokoa. Waya ulifika wakati kazi imeshakwisha. Kilichoniokoa ni ule ukurasa mmoja wa mchoro, na kuutuma hakukuwagharimu hata senti. Sasa kama msaada mkubwa kuliko wote hauna gharama, kwa nini ni wachache wanaoutoa? Hapo hesabu ya mshkaji inagoma. Tatizo ni kutoamini. Wanaogopa kwamba mteja akijua kitu chake kilivyoundwa ndani, hatanunua kingine.

Na woga huo unaonekana mpaka kwenye bidhaa zenyewe. Chukueni AirPods za kwanza za Apple, zilizotoka Desemba 2016. Wale mafundi wa iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, walizipa sifuri kati ya 10. Kila kitu kimegandishwa kwa gundi, na betri ndogo ya ndani ikichoka huwezi kuibadilisha bila kuharibu chombo. Na betri ya aina hiyo lazima ichoke, ndiyo tabia yake. Hapo hata ukiwa na muhudumu mzuri kama malaika, atakufanyia nini? Kipuri hakuna, mlango hakuna. Ndiyo maana nasema huduma kwa mteja inaanza siku ile mhandisi anapoamua aweke skrubu au aweke gundi.

Na msije mkaniambia haiwezekani kwa kitu kidogo hivyo. Mwaka 2024 kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairbuds, nazo ni zile ndogo za kuchomeka sikioni zisizo na waya, na betri zake mwenye nazo anabadilisha mwenyewe. iFixit hao hao wakazipa 10 kati ya 10. Hata za zamani zenye waya zilishaonyesha njia. Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 25 mwaka 1988, na hizo unazifungua kipande kimoja kimoja: waya, sponji, spika, utepe wa kichwani, kila kimoja kinabadilishwa peke yake. Ndiyo maana mpaka leo madijei wanazo shingoni.

Kuna na wale wa waranti ndefu. Koss ya Milwaukee, Marekani, iliyotoa hedifoni zake za kwanza za stereo mwaka 1958, imejulikana miaka mingi kwa waranti ya maisha. Ni jambo la heshima, sibishi. Ila fikirieni kwa mtu wa hapa Ubungo. Waranti ya maisha ambayo mlango wake uko Milwaukee, kwako wewe ni kama hati ya kiwanja mwezini. Kutuma tu kutakula bei ya hedifoni nzima. Kwa hiyo hata waranti ndefu, bila kumfikiria mteja aliko, inabaki karatasi. Dada yule aliponiambia "usizirudishe" alikuwa amepiga hesabu kutokea upande wangu wa meza. Hilo ndilo ninalolisifia.

Halafu kuna kisa ninachokipenda kwa sababu kinatuhusu watu wa chuo. Mwaka 1956 kijana mmoja aliyekuwa amemaliza shahada ya udaktari MIT kule Marekani, Amar Bose, alijinunulia seti ya muziki. Kwenye karatasi vipimo vyake vilikuwa safi kabisa. Alipoisikiliza nyumbani, haikumridhisha. Angeweza kujiambia kwamba wataalamu wameshapima, yeye ni nani. Lakini aliyaamini masikio yake, akaingia kuchunguza sababu, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni ya Bose, huku akiendelea kufundisha MIT mpaka 2001. Mwaka 2011, miaka miwili kabla hajafariki, aliipa MIT sehemu kubwa ya hisa za kampuni. Mimi fundisho ninalolichukua ni hili: kampuni kubwa ya sauti ilizaliwa na mteja ambaye hakuridhika. Kwa hiyo mteja akisema "hapa siyo", msikimbilie kumwonyesha vipimo. Huenda anajua kitu.

Sasa turudi nyumbani, maana naona wengine mnaguna mnasema "hayo ni ya Ulaya".

Ni kweli huko sheria inawabana. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamhakikishia mnunuzi angalau miaka miwili ya haki kisheria kitu kikiwa na kasoro. Na kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 vifaa vya mkononi viwe na betri ambazo mwenye kifaa anaweza kuzitoa na kuzibadilisha, isipokuwa vichache vilivyosamehewa. Lakini tusijifanye sisi hatuna sheria kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na pamoja na mambo ya ushindani inamlinda mlaji, na kuna Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Wenzetu wa Kenya wameliweka mpaka kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili. Halafu wakatunga sheria ya kumlinda mlaji mwaka 2012.

Lakini nenda dukani uangalie chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumeizoea sentensi hiyo mpaka tunaidhani ni aya ya kitabu kitakatifu. Si aya. Ni maandishi ya mwenye duka tu, na kuandika kitu kwenye risiti hakukifanyi kuwa sheria ya nchi.

Hapo nataka niwe mwadilifu, nisimwangushie mzigo wote mwenye duka wa Kariakoo. Huyo bwana faida yake kwa kila hedifoni ni ndogo. Akikurudishia pesa, yeye atarudishiwa na nani? Aliyemuuzia mzigo yuko mbali, na mara nyingi hakumwachia kipuri hata kimoja. Kwa hiyo "hairudishwi" ya duka ni mwangwi wa "hairudishwi" ya juu yake. Mnyororo wote umekatika kule mwanzo, kiwandani, na sisi tunapigana huku mwisho na mtu ambaye naye hana kitu. Ndiyo maana lawama yangu, na madai yangu, nayapeleka kwa watengenezaji.

Na madai hayo si makubwa. Hatuombi jengo la vioo na kiyoyozi pale Posta Mpya. Tunaomba vitu vitatu. Mchoro wa kila chombo uwekwe wazi kwenye tovuti, mtu aushushe bila kujieleza. Vipuri vinavyochakaa, yaani waya, jeki, sponji na betri, viuzwe kimoja kimoja kwa bei inayoeleweka na vitumwe mpaka huku. Na anayejibu barua awe na ruhusa ya kuamua. Basi. Ukiwa na hivyo vitatu, fundi wa Mwenge, wa Kisenso, wa Gerezani, wa Nyamagana, ameshakuwa kituo chako cha huduma na wala hujamlipa mshahara.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Kabla hujatoa bumu lako kununua hedifoni, uliza kwanza: waya unachomoka au umegandishwa? Sponji zinauzwa peke yake? Betri inabadilishika? Kuna anwani ya barua pepe inayojibiwa na mtu? Ukipata hapana nne, basi hicho kitu umekikodi tu, na tarehe ya kukirudisha imeshapangwa, ila hawajakuambia. Risiti tunza, hata kama umeletewa zawadi. Na kitu kikiharibika, andika. Eleza tatizo kwa sentensi mbili, taja uliko, taja haraka uliyonayo. Wengine hawatajibu, sawa. Lakini ukinyamaza, kampuni inaandika kwenye vitabu vyake kwamba huku hakuna malalamiko, kila mtu ana furaha.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa chuoni tuna wahandisi wa kesho, watu wa masoko wa kesho, wanasheria wa kesho. Wengine mtaajiriwa kwenye mitandao ya simu, mabenki, maduka makubwa, na mtakuwa ninyi mnaojibu barua. Siku hiyo mkumbuke kwamba upande wa pili kuna mtu ana mahojiano 13 na siku tisa. Msimwite mpendwa. Mwamini, mwambie ukweli, mpe mchoro.

Haya wadau, nimeandika sana. Nani mwingine ana kisa cha huduma nzuri? Nasema nzuri, za mbaya tunazo za kutosha. Tupeni hapo chini, iwe ya redio, simu, hata fundi cherehani. Mimi narudi kwenye madesa, mtihani wa kwanza ni Jumatatu, na safari hii nitaukalia ndani.